Video ya Gemu Niliyorusha Imemfanya Shemeji Yangu Aitwe Mwizi

Admin, nifichie jina, na ukurasa wangu usiutaje, maana wafuasi wangu wengine ni wako pia. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tatu, mzaliwa wa Mbozi, naishi Tunduma. Nina kibanda cha kutengeneza simu, na nyuma yake vijana wanacheza gemu. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa kuharibu za watu. Pembeni naendesha ukurasa wa maoni: teknolojia, gemu na habari za siasa. Hakuna anayejua ni wangu. Wateja hunisomea maoni yangu mwenyewe pale kibandani, nami natikisa kichwa kama nayasikia leo.

Siasa za huku kwetu si za bungeni sana, ni za geti la mpakani. Mtu akiamka anauliza kama malori yanavuka. Waziri wa upande wowote akipiga chafya, mahindi yanashikwa na mafua. Mimi nilikuwa nawacheka. Niliandika kwamba watu wetu wanaamini chochote chenye sauti nzito na muziki wa taarifa ya habari. Siku moja nikaamua kuwathibitishia. Kuna gemu ya kuendesha malori. Nikayabandika malori yake rangi na maturubai ya kwetu, nikapanga foleni ndefu, geti limeshushwa. Nikaweka sauti ya akili bandia, mtangazaji asiyekuwepo duniani, akisema boda imefungwa kwa mazao yote kuanzia leo. Nikairusha asubuhi. Mpango ulikuwa niiache kidogo tu, kisha niandike, "Mmeingia mkenge, hii ni gemu."

Sikuandika. Nawaambia ukweli kwa sababu hamnijui: idadi ya watazamaji ilikuwa inapanda, na maishani mwangu sikuwahi kuona kitu changu kikipanda hivyo. Nikasema ngoja kidogo. Nikanywa chai. Nikasema ngoja tena. Mchana nikaiona imeingia kwenye magrupu ya wafanyabiashara. Nikaifuta kimyakimya bila kusema neno. Lakini ilikuwa imeshahamia kwenye simu za watu, na huko mimi sina ufunguo.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa njiani na fuso la nyanya za kikundi cha akina mama wa Ihanda. Walimkabidhi awavushie, kwa kuwa ni mtu ambaye akirudishiwa chenji ikazidi, anarudi dukani. Video ikamkuta Mlowo, hajafika mpakani. Akairusha kwenye grupu la kikundi kuwatahadharisha, akapiga simu, hakuna aliyepokea, wote wako shambani. Nyanya hazisubiri kikao. Akawaachia madalali palepale kwa bei ya kutupa. Jioni wakajua geti halijafungwa hata dakika moja.

Kikundi kikaitisha mkutano, wakaniita mimi fundi niwaambie kama ile video ni ya kweli. Jamani, nilienda. Tena nilivaa shati la kola.

"Mama zangu, tazameni," nikasema. "Kivuli cha lori kinakwenda huku, cha mti kinakwenda kule. Hii ni gemu."

Wakanipigia makofi. Mwenyekiti wao, mama mtu mzima, akauliza, "Sasa mwanangu, nani kaitengeneza?"

"Mama, kwa teknolojia ya siku hizi, kumjua mtu ni kazi."

Hapo nikawa nimemmaliza shemeji. Mama mmoja akasimama. "Basi kama ni ya uongo, ni yake! Si ndiye aliyeileta kwenye grupu? Kala hela zetu, anatuletea sinema!"

"Huyu?" mwingine akamjibu. "Simu yenyewe kioo kimepasuka, anasoma nusunusu. Aitengeneze kwa jembe?"

"Ana shemeji fundi!" sauti ikatoka nyuma. Mkutano mzima ukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Wakampa hadi Jumapili baada ya ibada: arudishe thamani ya mzigo, la sivyo wanampeleka polisi. Dada yangu ameambiwa apumzike kwanza kuimba kwaya. Nimewaza kulipa kwa siri, lakini nawajua watu wetu. Watasema, "Kumbe hela zetu alikuwa amezificha." Nimewaza kukiri. Sheria ya makosa ya mtandao ipo, na yenyewe haina utani. Mtu niliyekuwa nachambua serikali nzima kwa aya mbili, nashindwa kutamka sentensi moja kwa dada yangu.

Jana shemeji alikuja kibandani. Akakaa kwenye kiti cha wacheza gemu, kofia mapajani.

"Shem, siku ile ya mkutano ulisimama na mimi. Ndugu zangu wa damu hawakutokea hata mmoja. Mungu akubariki sana."

Nikaanza kutafuta bisibisi mezani, na bisibisi ninayo mkononi.

"Nimepata mteja wa lile shamba la kahawa la marehemu baba," akaendelea. "Anakuja Jumamosi. Nichapie hati ya mauziano, uipange vizuri, na wewe ndiye uwe shahidi wangu. Sina mwingine ninayemwamini."

Nikamjibu, "Hakuna shida, shem." Hayo ndiyo maneno yaliyonitoka.

Hati nimeichapa, iko mbele yangu naandika huku naiangalia. Nimeipanga vizuri mno, mipaka yote, mpaka kisima chao kilicho kule juu ya shamba. Nikimwambia kabla ya Jumamosi, shamba linabaki, ila mimi naweza kwenda jela na dada asinitazame tena. Nikinyamaza, nitakaa meza moja na shemeji, nishike kalamu baada yake, niweke sahihi kwamba anauza kwa hiari yake.

Ndugu zangu, matusi yatakuja na nimeyastahili, ila katikati ya matusi naomba mmoja wenu aniambie: nitaanzaje kumwambia?