Hakutoroka, Alirudi Kwao

Mimi ni mtu wa kujisifu kidogo, na sioni haya kusema kwamba katika Kigali ya mwaka wa tisini na mbili hukumpata kwa urahisi mwanamke aliyepiga taipu haraka kuliko mimi. Nilizaliwa Biryogo, mtaa wa Waswahili, nikakua na lugha tatu mdomoni: Kiswahili cha nyumbani, Kinyarwanda cha majirani na Kifaransa cha shule ya masista. Kwa hiyo rafiki yangu mwanasheria alipofungua chumba cha kuwasaidia bure wanawake waliopigwa na waume zao, aliniita mimi. Yeye alijua sheria. Mimi nilijua kumsikiliza mtu na kuyaweka maneno yake kwenye karatasi.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya duka la fundi cherehani, Nyamirambo. Hakikuvuka mwaka wa tisini na nne, na hayo sitayasimulia hapa. Siku za Jumatano tulifundisha. Wanawake walikaa mikekani, mwanasheria akawaeleza: ukipigwa, nenda zahanati kabla hujajiosha, omba cheti cha daktari, kikiandikwa, kakifiche kwa mtu mwingine, usikiweke ndani ya nyumba yako. Wasiojua kuandika walikariri kwa sauti kama watoto wa madrasa, nami nilizipenda sana kelele zile. Watu walituuliza kama huu ulikuwa wakati wa kushughulikia ugomvi wa mke na mume, vita ikiwa kaskazini na vizuizi vikiwa kila barabara. Mwanasheria aliwajibu kwamba kipigo hakijaambiwa kingoje amani.

Asubuhi moja akaja muuza dagaa wa soko letu, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa, binti yake wa miaka mitatu mgongoni. Mumewe alikuwa dereva wa bwana mkubwa mmoja wa Kiyovu. Ndiye aliyemvunja mkono. Mwanamke alikuwa amerudi kwa baba yake Masaka, nje ya mji, pamoja na mtoto, na sasa mume ametangulia mahakamani: anataka talaka, na anamtaka mtoto, kwa sababu mke ametoroka nyumba.

"Dada, mimi sikutoroka," alisema. "Nilirudi kwetu, vile mwanamuke anarudi. Nilipita mu barabara, muchana, watu wote wananiona."

Neno alilolitumia kwa Kinyarwanda lilikuwa kwahukana. Mke aliyeonewa hufunga nguo zake akarudi kwa wazazi. Mume akimtaka, huja na pombe, huketishwa mbele ya wazee, huulizwa amekosa nini, naye huomba radhi. Hapo ndipo mke hurudishwa. Si utoro hata kidogo. Ni njia ya mwanamke kushtaki, na ilikuwepo kabla mahakama haijajengwa. Hata sisi Biryogo mke akisema nakwenda kwetu, hakuna anayeuliza maana yake.

Sasa nitubu. Fomu ya mahakama ilikuwa ya Kifaransa, na ilikuwa na mstari unaouliza nani aliondoka nyumbani. Nilimsikia kabisa akisema kwahukana, na vidole vyangu hivi ninavyovisifu vikaandika kwamba mke aliihama nyumba ya ndoa. Katika Kifaransa cha sheria hilo ni kosa, tena ndilo kosa alilokuwa anashtakiwa. Nilikuwa nimemtetea mume kwa mkono wangu mwenyewe. Mwanasheria aligundua siku mbili baada ya karatasi kupelekwa. Hakunigombeza, na ningeshukuru kama angenigombeza. Alisema tu kwamba mahakama ikimwona mwanamke huyu mtoro, mtoto atakwenda kwa baba.

Nilijikasirikia, kisha nikakikasirikia Kifaransa, kisha nikawakasirikia masista walionifundisha. Hasira zilipokwisha nikaanza kufikiri. Kama mke alikwenda kwao kwa desturi, basi mume naye lazima alimfuata kwa desturi. Na desturi ina pombe.

Nikapanda gari la Masaka. Baba yake nilimkuta akipalilia maharage, mzee mwembamba wa maneno machache. Binti yake alikuwa ndani na mtoto, lakini niliona jinsi baba na binti walivyokuwa wakikwepana.

"Mkwe alikuja kumrudisha?" nikauliza.

"Alikuja."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na pombe?"

Akaendelea kupalilia hadi mwisho wa tuta ndipo akanijibu. "Na pombe. Lakini mambo ya nyumba yangu mimi siyapeleki kwa jaji."

Nikamweleza bila kumung'unya maneno kwamba asipoyapeleka yeye, mjukuu wake atalelewa na yule aliyevunja mkono wa mama yake. Hakusema ndiyo. Aliniuliza tu mahakama inafunguliwa saa ngapi.

Siku ya kesi, mahakama ya kantoni, ile ndogo ya mwanzo, ilijaa. Dereva alikuja na shati lililonyooka kama karatasi mpya, hata kitambaa chake cha mkononi kilikuwa kimepigwa pasi. Nilimwangalia nikamjua ni mtu wa namna gani. Nikamnong'oneza mwanasheria: huyu usimuulize kuhusu kipigo, muulize kuhusu pombe, na ufanye kana kwamba ilikuwa kidogo.

Jaji alisoma ule mstari wangu. Kila neno lilinichoma. Kisha mwanasheria akasimama, akazungumza kwa Kinyarwanda, polepole, kwa adabu.

"Je, ni kweli ulikwenda Masaka mara moja tu, na kibuyu kimoja?"

Dereva alivimba. "Kibuyu? Mimi? Nilikwenda mara tatu. Kila mara mitungi miwili ya pombe ya ndizi na kreti ya bia. Waulize majirani."

Watu wakacheka, naye akadhani wanamsifu.

"Pombe ya nini?"

"Ya kumchukua mke wangu. Alikuwa kwao."

"Na ulipoipeleka, ulisema nini?"

Hapo akamgeukia jaji. Jaji akamwambia ajibu.

"Niliomba radhi."

"Radhi ya nini?" akauliza jaji mwenyewe.

Dereva akatoa kile kitambaa akajipangusa shingo.

Jaji akamwita mzee. Alisimama kofia mkononi. Akaulizwa: na wewe, ulipoombwa radhi, ulifanya nini?

"Nilikunywa," alisema. "Mara ya kwanza mtoto wangu alikuja jicho limefumba. Nilikunywa, nikamrudisha. Mara ya pili alikuja mimba imetoka. Nilikunywa, nikamrudisha. Mara ya tatu alikuja na huo mkono, na mitungi nikaiacha nje mpaka pombe ikaharibika. Yeye hakukosa kitu. Alikuja kwangu, na kwangu ndiko alikopaswa kuja."

Hakuna aliyecheka. Binti yake alitazama sakafu, machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.

Tangu wiki ile tuliongeza somo la Jumatano, na somo hilo nililifundisha mimi. Ukirudi kwenu, pitia kwanza kwa konseye wa sekta, yule kiongozi wa serikali mtaani kwenu, mwambie unakwenda wapi na kwa nini, na usiondoke mpaka ameandika. Niliwasimulia pia kosa langu, nikaruhusu wanicheke.

Hukumu ilipotoka, nilimsomea yule muuza dagaa chumbani kwetu, nikiitafsiri neno kwa neno, taratibu safari hii. Hakuwa mtoro. Talaka imetolewa kwa kosa la mume. Mtoto akae na mama. Nilidhani atapiga vigelegele, mimi mwenyewe nilikuwa tayari kuvipiga. Yeye aliikunja karatasi akaitia kifuani.

"Iko vizuri," alisema. "Mutoto iko wangu. Lakini dada, ulisikia baba? Alisema 'nikamurudisha.' Mbele ya watu."

Nikamwambia nilisikia.

"Ku nyumba hajasema ata siku moya."

Baba yake alikuwa amesimama nje kwenye jua. Tangu kesi alikuwa akimsindikiza kila mara, na kila mara alingoja mlangoni, haingii. Mwanamke akatoka, akasimama mbele yake. Kisha akafungua kitenge, akamshusha mtoto mgongoni, akampa babu yake ambebe mpaka Masaka.