Mama Kavu na Vipande Kumi na Viwili vya Chuma

Saa moja na robo asubuhi, mlangoni mwa maabara, Mama Kavu anamkagua mhandisi mkuu kama askari wa getini. Anamtoa chupa ya maji mfukoni na kuiweka kwenye meza ya nje, pamoja na mwavuli na vikombe vya chai vya waliotangulia. Kisha anamgeukia mwandishi wa makala haya.

"Na wewe, jasho hilo lifute kwanza. Humu hatuingii na unyevu."

Jina la utani alipewa na wafanyakazi wenzake, naye amelipokea kwa mikono miwili. Ni fundi wa mtambo wa kupima aloi, yaani metali zilizochanganywa, kwa kuzizamisha ndani ya sodiamu iliyoyeyuka. Sodiamu ni metali laini, hata kisu cha jikoni kinaikata, lakini ikikutana na maji huwaka na kulipuka. Ikiyeyuka hubeba joto vizuri mno, ndiyo maana wabunifu wa mitambo ya umeme wanataka kujua ni chuma gani kitakachoivumilia miaka na miaka bila kuliwa.

Mtambo wenyewe hauna makuu. Kuna tangi la ukubwa wa pipa, bomba linalozunguka chumba na kurudi tangini, nyaya za joto zilizoviringishwa juu ya bomba hilo, na chemba yenye vipande kumi na viwili vya chuma, kila kimoja ukubwa wa wembe. Vinatakiwa vikae humo saa elfu kumi. Vimeshakaa elfu nane na mia sita.

Juzi umeme ulikatika. Jenereta likawaka dakika arobaini, likakohoa, likazimika. Sodiamu ikaganda bombani kama mafuta ya kupikia wakati wa baridi. Leo Mama Kavu anaiyeyusha. Bomba likipasuka, hewa itaingia, sodiamu ya moto itawaka, na kazi ya mwaka mzima itakuwa imekwenda bure.

"Tuwashe nyaya zote kwa pamoja," anasema mhandisi mkuu akitazama saa yake. "Saa nne tumemaliza."

"Bosi, haraka haraka haina baraka. Tunaanzia kwenye tangi, shubiri kwa shubiri."

"Ngoja ngoja nayo huumiza matumbo, mama."

"Basi liume tumbo, lisipasuke bomba."

Sababu anaijua vizuri kuliko ambavyo angependa. Miaka tisa iliyopita, akiwa bado mgeni kazini, aliwasha joto katikati ya bomba kwanza. Sodiamu ikiyeyuka hutanuka. Ile ya katikati ikakosa pa kwenda, kwa kuwa kulia na kushoto ilizibwa na iliyoganda, ikalipasua bomba. Sodiamu ilipokutana na hewa ikawaka; moto ulizimwa kwa unga mkavu wa kuzimia moto na hakuna aliyeumia, lakini jaribio la saa elfu tano liliishia hapo.

"Ningeweza kusema bomba lilikuwa bovu. Nikasema ni mimi. Nilikaa nyumbani miezi mitatu bila mshahara, nakula jasho la mume wangu."

Mumewe ni fundi bomba wa majumbani. Akimtaja tu, anacheka.

"Yeye anashinda ndani ya maji, mimi nayakimbia. Nikirudi jioni ananiuliza, 'Mke wangu, leo naruhusiwa kukugusa au bado nimelowa?'"

Anawasha swichi ya kwanza, ya nyaya za upande wa tangi, anasubiri kipimajoto kivuke nyuzi mia moja, anawasha ya pili. Mhandisi mkuu anatembea huku na huko. Kufikia swichi ya sita amevuta kiti, na sasa ndiye anayemsomea namba.

Kwenye kona ya nne ya bomba mambo yanagoma. Nyuma ya kona kumefika nyuzi mia moja na arobaini, kwenye kona yenyewe themanini. Mama Kavu anaondoa mkono kwenye swichi na kuuficha kwapani.

"Hapa naogopa," anasema waziwazi. "Hapa ndipo mtu anajidanganya kwamba inatosha."

Dakika hamsini zinapita. Kipimajoto cha kona kinasoma tisini na mbili. Tisini na sita. Mia moja na tatu.

Saa saba kasorobo anawasha pampu. Mshale wa kipimo cha mtiririko umelala. Unatikisika. Unapanda, na unabaki juu.

"Inatembea," anasema, halafu anakaa chini sakafuni, mtu mzima, na kujifuta macho haraka kwa mkono wa koti.

"Mimi ningelipasua, mama," anasema mhandisi mkuu.

"Ungelipasua. Halafu ungesema?"

"Ningesema."

"Basi utakuwa fundi."

Zimebaki saa elfu moja na mia nne, kama miezi miwili hivi. Katika miaka yake kumi hapa, hakuna jaribio lililopita mikononi mwake likafika elfu kumi. Kwa kawaida wahandisi ndio huvitoa vipande. Safari hii ameomba avitoe mwenyewe, na mhandisi mkuu amekubali.

"Vikitoka vimeliwa, nitalia," anasema akijizoazoa kutoka sakafuni. "Vikitoka vizima, nitalia vilevile. Mimi nataka vitoke tu, nikiwa nimesimama pale."