Tamthilia Ilipohama Saluni

Kusuka ni kazi ya shingo mbili, na hakuna shingo inayoinama mchana kutwa bila sababu. Rafiki yangu msusi alikuwa na sababu yake: tamthilia ya saa nane kwenye kebo, ile ya bibi harusi aliyebadilishwa na pacha wake, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mteja kainama, msusi macho kwenye nywele, wote masikio wazi. Pacha akidanganya, saluni nzima inamzomea. Mimi ndiye ninayemuuzia nywele za bandia tangu anasukia barazani, kwa hiyo tamthilia hiyo ilinilisha na mimi.

Siku moja saa nane ilipofika kwenye runinga wakatokea wanaume wawili wa mieleka.

"Wifi, umekalia rimoti?" akauliza mke wa kaka yake. Huyo ndiye nguzo ya saluni. Akija, huja na dada zake, mabinti zao na majirani.

Rimoti haikuwa na kosa. Mkataba wa kebo ulikwisha, tamthilia ikahamia mtandaoni. Nilimshauri aachane nayo.

"Wewe unasuka vichwa, huozi maharusi."

"Shoga, wewe unauza nywele. Anayekaa kwenye kiti namjua mimi."

Akalipia huduma ya mtandaoni, akaunganisha runinga. Akafanya kosa moja: hakuuliza kama sauti zimehama pamoja na picha. Sauti zilibaki kwenye kebo. Bibi harusi sasa alilia kwa lugha ya kwao, Kiswahili kikipita chini kwa maandishi. Na mtu hasomi huku kidevu kimegusa kifua. Kila pacha alipofungua mdomo, vichwa viliinuka.

Wifi mtu akajitazama kwenye kioo.

"Hii ni mistari, au mto umefurika?"

"Si umeinuka mwenyewe!"

"Kwa hiyo kosa la kichwa changu?"

Msusi akafumua. Akabuni njia: anayesubiri zamu awasomee wenzake kwa sauti. Ikafaa. Jirani mmoja alimsoma pacha kwa sauti nzito ya mjumbe wa mkutano, watu wakacheka mpaka machozi. Nikadhani amepona.

Lakini dawa hiyo ilitaka foleni, na foleni ilikuwa inakatika. Wenye simu waliitazama tamthilia kitandani. Ng'ambo ya barabara saluni mpya ilisuka kichwa kimoja kwa wasusi wanne kwa pamoja. Unakaa kidogo, umeondoka. Wifi mtu akapita dirishani na dada zake, akapunga mkono, akavuka.

Juzi nilimkuta msusi na mteja mmoja tu.

"Amesema nini?" mteja akauliza, kichwa chini.

Msusi akaacha kusuka, akasoma. Akasuka kidogo. "Na mama yake je?" Akaacha tena. Nikasoma mimi sehemu ile iliyobaki, vibaya, maana mzigo wangu ulikuwa unasubiriwa kwingine. Tamthilia ilipokwisha, nusu ya kichwa ilikuwa bado. Mteja akajifunga kitambaa.

"Nitamalizia kesho, dada."

Akatoka. Tulimwona akisimama ukingoni mwa barabara, akitazama magari kushoto na kulia.

Nikafungua mkoba wangu wa nywele, nikamuuliza msusi za wiki ijayo niache kiasi gani.

"Subiri kwanza," akasema.

Tangu enzi za barazani, hakuwahi kuniambia nisubiri. Nikafunga mkoba, nikaenda kuiuliza ile saluni ya ng'ambo nani anawauzia.