Mama Mdogo na Jaji wa Tatu

Mama yangu mdogo anafanya kazi maktaba ya sheria, chuo kikuu, na msidhani kazi yake ni kupanga vitabu na kuwaambia watu shhh. Yaani yeye ndiye anayewapa mawakili habari! Kila wiki anapitia hukumu mpya, anazifupisha mistari miwili mitatu, anaweka na kiungo cha kusoma zaidi, halafu anawarushia wote kwa barua pepe: wanafunzi, walimu, mpaka mawakili waliosoma hapo zamani. Na ana staili yake, hukumu anaianzia ukurasa wa mwisho. "Mimi nijue kwanza nani kashinda," anasema, "porojo za katikati baadaye."

Sasa sikia. Asubuhi moja katuma, anakoroga chai, jibu likaingia kutoka kwa wakili kijana, wanamwita Twiga kwa ule urefu. "Mama, umeniokoa! Hiyo ya wapangaji naingia nayo mahakamani sasa hivi."

Ilikuwa hukumu ya rufaa: mpangaji asipopewa notisi ya maandishi, hafukuzwi. Twiga alikuwa anamtetea fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima, mwenye nyumba kampa notisi ya mdomo tu, anataka kumtoa siku hiyo hiyo.

Mama mdogo akaifungua tena amtumie kurasa zenyewe. Weee! Majaji walikuwa watatu, na ukurasa wa mwisho ulikuwa wa yule wa tatu, aliyewapinga wenzake! Wale wawili, ambao ndio wengi na ndio wanaohesabika, walisema notisi ya mdomo inatosha. Kumbe kawatangazia watu sheria kichwa chini miguu juu.

Anampigia Twiga simu, imezimwa. Anapiga tena, imezimwa. Mkuu wa maktaba akamwambia, "Dada, tulia. Rekebisha kimya kimya kwenye tovuti, nani atajua?"

"Yule mama atajua, akikuta godoro lake barabarani!"

Akawatumia wote masahihisho, juu kaandika NIMEKOSEA kwa herufi kubwa, akaprinti kurasa za majaji wawili, akadandia pikipiki. Mama mdogo huyu! Anayeogopa hata lifti!

Mlangoni askari akamzuia. "Mama, kesi inaendelea, sitaki vurugu."

"Vurugu gani, mwanangu, mimi mtu wa maktaba." Akapenya.

Twiga kashasimama. "Mheshimiwa, mahakama ya rufaa imesema wazi..." Wakili wa mwenye nyumba anachekea pembeni, maana yeye kaisoma yote. Mama mdogo akakohoa. Twiga hageuki. Akakohoa kama injini inayogoma.

"Huyo mama apewe maji," hakimu akasema.

Hapo Twiga akageuka, akaona karatasi zinapepea. Akaomba dakika moja, akazichukua, akasoma. "Mheshimiwa, hoja hiyo naiondoa. Naomba tuahirishe."

"Kaishiwa huyo!" wakili wa mwenye nyumba akadakia.

Hakimu akamgeukia huyo aliyedakia. "Kaiondoa mwenyewe kabla sijamuuliza. Nampa mpaka wiki ijayo. Kabla ya hapo hatolewi mtu."

Nje, Twiga hata salamu hakutoa. "Mama, ulitaka kunizika!"

"Najua, baba. Nilie au twende tukatafute hukumu nyingine ya kututetea?"

Fundi cherehani alikuwa anawatazama kwa zamu, kashika mkoba kwa mikono miwili. "Jamani, mimi leo nalala wapi?"

"Kwako," mama mdogo akamwambia. "Wiki hii kwako. Za mbele ndiyo tunaenda kuzihangaikia sasa hivi."