Darasa la mchanga wa marudio

Leo nimebomoa darasa nililolijenga mwenyewe.

Msicheke kwanza.

Hapa Nyarugusu wananchi tunapandisha kuta, kisha serikali inaleta hela ya kuezeka na kumalizia. Sisi wachimbaji tulipandisha zetu haraka kuliko kijiji chochote. Mchanga tulitumia marudio, ule unaobaki tukishaosha dhahabu. Wa bure, umejaa tele, na aliyebeba mwingi kuliko wote ni mimi. Ulizeni!

Asubuhi akaja injinia wa halmashauri. Watoto wamejipanga, wanamwimbia. Akatoa ufunguo wa gari, akakwangua ukuta.

Ukamwagika kama unga.

"Mchanga huu haushiki saruji," akasema. "Tena una zebaki, watoto wataivuta. Utaratibu hauniruhusu kutoa hela ya bati hapa. Jengeni upya kwa mchanga wa mto."

Nikamtania, "Injinia, si tupige lipu tu? Nani ataona?"

Hakucheka hata mmoja.

Mama Kabula, ambaye binti yake alikuwa mstari wa mbele, akanigeukia. "Masanja mwanangu, wewe wa kwako ungemweka humo?"



Nikachukua nyundo. Ukuta wa kwanza ulipoanguka, watoto wakashangilia. Walidhani ni mchezo. Hawakujua kwamba wanarudi kubanana kule kanisani, madarasa mawili yamepeana migongo.

Jamani, iliniuma.

Mwenye tipa aseme hapa chini. Mchanga wa mto nitapakia mwenyewe.