Safari ya siku sita kuvua ningu wa mwisho wa msimu: niliandaa kila kitu, nikasahau kwamba mwenzangu ni baba mkwe

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Mimi ni msomaji wa kimya wa jukwaa hili kwa miaka mingi. Nimecheka visa vyenu vya kutosha, leo zamu yangu kuchekwa. Ninayoandika yametokea kweli mwezi wa sita uliopita, na sijaongeza chumvi zaidi ya ile niliyopaka samaki.

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye chai aimimine.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa Ifakara. Nilipangiwa Tarime nikiwa kijana mwenye begi moja, nikapanga chumba Nkende, na huko huko nikampata Bhoke, mke wangu, Mkurya wa Ringwani kule Serengeti. Ng'ombe za mahari zilikwenda, kanisani tulikwenda, watoto wawili wapo. Miaka minane sasa.

Mwezi wa tano barua yangu ya uhamisho ikatoka. Singida. Niliiomba mwenyewe, maana mama yangu mzee amehamia huko kwa dada yangu na afya yake imeyumba. Kuripoti ni mwezi wa saba.

Shida ikawa moja tu: baba yake Bhoke, Mzee Marwa.

Tulipompelekea habari alisikiliza mpaka mwisho, akasema "tutaongea", akanyanyuka kwenda kuangalia ng'ombe zake. Wiki tatu zikapita. Kila Bhoke akipiga simu mzee anauliza watoto, anauliza mvua, simu inakatwa. Kuhusu Singida, kimya.

Najua kuna atakayesema mke ni wako, beba uondoke. Mkuu, hujaoa huku. Bhoke mwenyewe aliniambia, "Mimi nitakuja, lakini baba asiposema nendeni, nitakuwa nimekuja kama mtu aliyetoroshwa."

Sikutaka kuishi na mke wa namna hiyo. Nilitaka neno la mzee, moja tu.

Sasa mzee ni mfugaji kwelikweli. Kwake chakula ni nyama, maziwa na ugali, mengine ni majani. Lakini Bhoke akaniambia siri: baba hajawahi kukataa ningu. Ujana wake alichunga karibu na Mto Mara na ndiko alikojifunza kuwala.

Kwa msiomjua ningu: ni samaki wa ziwani anayepanda mto masika yakijaa, anataga huko juu, halafu maji yakianza kupungua anateremka kurudi ziwani. Si mkubwa na ana miba mingi, ila mchuzi wake ukiuonja mara moja unakuwa mtumwa. Mimi mtoto wa Kilombero nimekua na ndoana mkononi, kwa hiyo nikaona Mungu amenifungulia njia. Likizo ya mwezi wa sita nimpeleke mzee mtoni, siku sita, Jumatatu mpaka Jumamosi. Mtu mliyekaa naye na ndoana siku sita hamwezi kukosa kuongea.

Wauza samaki wa sokoni wakanicheka. "Mwalimu umechelewa, ningu wameshateremka." Nikawaambia wa mwisho ndio wanaoteremka polepole huku wanakula. Nilisema kwa kujiamini sana, ingawa ukweli ni kwamba nilikuwa najipa moyo.

Basi nikaanza kupanga. Wakuu, nilipanga!

Nilifungua Excel. Kila siku na safu yake, kila saa na kazi yake. Mianzi minane mirefu. Mishipi, ndoana ndogo maana mdomo wa ningu ni mdogo. Maboya nilikata kwenye ndala za zamani za watoto. Chambo ni ugali wa mtama uliokandwa mpaka ukawa kama ulimbo, pamoja na kopo la minyoo. Chumvi ya mawe ya kuhifadhia, jiko, mkaa, unga, na dagaa kilo mbili ikiwa aibu itatukuta. Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji kuomba ruhusa, akanipa kwa sharti la ndoana tu, nyavu hapana, na tusisogelee hifadhi. Mahali nilichagua kwa ramani ya simu: kona moja ya mto iliyojaa matete, mbali na watu. Kwenye simu ilipendeza ajabu.

Nikamwonyesha jirani yangu Chacha, fundi pikipiki ambaye tulikubaliana tuwe wote watatu. Akapitisha kidole kwenye kioo cha simu, safu kwa safu, akitikisa kichwa kukubali. Akafika palipoandikwa "Malazi: hema moja, watu watatu."

Akaniangalia. Akaangalia tena kioo.

"Mwalimu, unataka kulala hema moja na mkweo?"

Nikasema hema ni kubwa, lina nafasi.

Chacha alicheka mpaka akashika pikipiki ya mteja isimwangukie. Akaita fundi mwenzake aje aone. Miaka minane nimekula ugali wa watu hawa na bado sikuwa nimeliweka kichwani: kwa Wakurya mkwe halali anapolala baba mkwe. Haingii hata kuchungulia. Kule ukweni huwa nakwenda asubuhi na kurudi jioni, nikidhani ni kwa sababu ya ratiba yangu ya shule. Kumbe mama mkwe huwa ananiharakisha kwa makusudi.

Excel ikafumuliwa. Hema kubwa likawa la mzee peke yake. Mimi na Chacha tukaazima kihema kingine, chepesi, cha kuwekea kivuli watalii wakila. Umbali kati ya mahema, Chacha aliupima kwa hatua mwenyewe.

Nikaenda Ringwani kumwalika. Nikasimama mlangoni na shikamoo yangu, nikajieleza. Mzee akauliza neno moja, "Ningu?"

Nikasema ndiyo, Tata, yaani baba kwa Kikurya.

Jumatatu asubuhi tulimkuta barabarani ameshatoka, koti limevaliwa, fimbo mkononi na kigoda chake cha kukalia. Nilifurahi nusura nimkumbatie, bahati nikakumbuka ni nani.

Siku ya kwanza kwenye kona yangu ya matete, hatukupata kitu. Siku ya pili Chacha alinasa kambare mdogo, tukamwonea huruma tukamrudisha. Tulikula dagaa. Mzee alikaa kwenye kigoda chake, anaangalia maji, anaangalia boya langu limelala, anaangalia tena maji. Neno hakuna. Nikijaribu kuanzisha mazungumzo ya Singida ulimi unakuwa mzito. Utamwombaje mtu binti yake aende mbali wakati umeshindwa kumpatia hata kitoweo?

Jumatano asubuhi Chacha akanivuta pembeni. "Muulize mzee."

"Nimuulize nini?"

"Samaki wako wapi. Anajua tangu juzi."

Chacha akanieleza kwa upole, kwa mara ya kwanza bila kucheka: safari ni yangu, mimi ndiye niliyemwalika, na mzee wa heshima hawezi kumsahihisha mkwewe mbele ya mtu kama anamfokea mtoto. Anasubiri aulizwe. Angesubiri mpaka Jumamosi.

Wakuu, siku mbili mzee amekula dagaa kwa heshima yangu!

Nikaenda, nikachuchumaa mbali kidogo. "Tata, hapa mimi nimeshindwa. Naomba utuonyeshe."

Alinyanyuka, akabeba kigoda chake, akaanza kutembea. Sisi nyuma na mizigo, tunakimbia.

Alitupeleka palepale nilipoparuka kwenye ramani kwa sababu pana kelele: mahali ng'ombe wanaposhukia kunywa maji. Kuna kwato, mavi, matope. Akaonyesha kwa fimbo chini kidogo ya pale, ambapo maji yaliyovurugwa na ng'ombe yanateremka na rangi ya chai ya maziwa.

"Ng'ombe akinywa, anakoroga chakula cha ningu. Yeye anasubiri hapo chini. Sisi tulikuwa tunavua huku tunachunga."

Halafu akatuonya tukae juu ya ukingo, mguu wa mtu usiguse maji, maana mamba naye anajua saa ya ng'ombe kunywa. Kwa hilo hakuwa na utani.

Tulipiga mahema juu, tukatega mianzi ukingoni, tukasubiri mifugo ya mchana. Na hapo, mnamo saa kumi, mbingu ikafunga.

Hii ni mvua ambayo haikuwa kwenye Excel. Masika yalishaisha. Lakini ilikuja na upepo, na upepo huo ulikichukua kihema chetu cha kivuli ukakitupia kwenye miiba huko. Nikabaki nimeshika kamba mbili mkononi.

Mzee alikuwa ndani ya hema kubwa, pakavu. Akachungulia, akatuona tumelowa.

"Ingieni."

Chacha akaniangalia. Yeye si mkwe, hana shida. Mimi nikatikisa kichwa, nikabaki nimesimama.

Mzee akaelewa. Unajua alifanya nini? Alivaa koti lake, akatoka nje kwenye mvua, akashika pazia la hema.

"Sasa ndani hakuna mkweo. Ingia, mura," akasema, yaani kijana.

Mzee wa miaka sabini na ushee amesimama kwenye mvua ili mimi nikae pakavu! Ningeingiaje? Nikasema, "Hapana, Tata." Akasema ingia. Nikasema hapana. Tukaenda hivyo kama mara nne, kila mmoja anazidi kulowa, na hema la watu watatu liko katikati yetu, tupu kabisa.

Chacha akasema, "Basi mimi nisiwacheleweshe," akaingia akajinyoosha.

Mzee alianza kucheka. Miaka minane sijawahi kumwona Mzee Marwa akicheka hivyo, mabega yanatikisika, koti linavuja maji. Na mimi nikacheka, tukacheka wote mpaka nikasahau baridi.

Mara mzee akaelekeza fimbo. "Boya."

Boya langu la ndala halikuwepo. Nikanyakua mwanzi, mzito! Ningu mnene, tumbo la fedha, anarukaruka kwenye nyasi. Kabla sijamtoa ndoana, mwanzi wa pili ukapinda. Maji mapya yalikuwa yameteremka na samaki wamechanganyikiwa kwa furaha kama sisi. Mzee akaweka kigoda chini, akachukua mwanzi mwenyewe. Na wakuu, yule mzee anavua! Anavuta kwa kifundo cha mkono tu, hana papara. Tulivua kwenye mvua bega kwa bega mpaka ndoo ikajaa, tukaanza kutumia sufuria.

Katikati ya hayo, macho yake yako kwenye maji, akauliza, "Huko Singida kuna mto?"

Nikasema, "Nasikia kuna ziwa, Tata, lakini la chumvi."

"Ng'ombe?"

"Wapo wengi."

"Mvua?"

"Ya shida."

Akatoa ningu mwingine, akamtupa kwenye sufuria, akaweka chambo taratibu. Mimi sikuweza hata kuangalia boya langu.

"Nimekwambia ingia pakavu mara nne," akasema. "Umekataa kuniacha nje peke yangu. Sasa nimejua. Hata huko kwenye mvua ya shida, siku ikinyesha, binti yangu hatanyeshewa peke yake. Nendeni."

Mimi ni mtu mzima, ninafundisha kidato cha nne, na nililia pale. Nashukuru mvua ilinisitiri. Nilimjibu "asante, Tata".

Mvua ilipoisha aliomba simu, akampigia Bhoke, akaongea Kikurya maneno machache, akanirudishia. Nikasikia upande wa pili mke wangu anacheka na kulia kwa pamoja. Nikamuuliza baba amesema nini.

"Amesema nianze kufunga mizigo. Na amesema mume wangu hajui kuchagua pa kuvulia, nisimwachie ramani."

Siku tatu zilizobaki zilikuwa sherehe tupu. Tulivua, tulipaka chumvi, tulianika, tulikula mchuzi mpaka Chacha akaomba dagaa kwa kumbukumbu. Jumamosi tulirudi Ringwani na magunia mawili ya ningu wakavu. Mama mkwe akapiga vigelegele akiwa jikoni, bila kutoka, maana na yeye na mimi tuna utaratibu wetu.

Nilichojifunza, na mnirekebishe kama nakosea: panga safari yako, pima, andika, sikukatazi, mimi ni mwalimu wa hesabu. Ila ukimwalika mtu mzima, muulize mapema anachokijua, usimwache ale dagaa siku mbili kwa heshima yako. Na mila ya watu unayodhani inakuweka mbali na mkweo, ukiishika vizuri, inaweza ndiyo ikawasimamisha pamoja.

Naandika haya nikiwa sebuleni Nkende kati ya maboksi. Bhoke anaimba huko ndani, anafunga vyombo. Nilikuwa nimesahau kwamba mke wangu anaimba.

Walioolea ukweni kwenye mila ngumu, leteni visa vyenu, tucheke. Wa Singida nao waniambie, hilo ziwa lenu lina samaki gani? Mzee Marwa ameshasema anakuja kuchungulia mwezi wa kumi na mbili, na mimi natafuta nyumba yenye banda la nje la kulala mgeni, liwe mbali na mlango wangu hatua zisizopungua ishirini.