Kombe la Chapati na Pweza

Biashara huria ilipofika Ikwiriri, Hafidha alifungua mgahawa. Hakwenda shule; babu yake alimfundisha kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zikiongezwa nukta kwa sauti ambazo Waarabu hawana. Akaandika ukutani kwa chaki: chapati, pweza. Wapita njia wakawa wanashusha sauti.

Asubuhi moja alimkuta jirani yake, Sijaona, akiyaosha maandishi na kukinga maji bakulini.

"Nisamehe, shoga yangu. Mume wangu ana homa, nampelekea kombe, maji ya aya, anywe. Aya gani hii?"

Hafidha aliona haya mpaka masikioni. Lakini akinyamaza, mgonjwa hatafika zahanati.

"Chapati."

"Sura ya Chapati?"

"Chapati ya kula, mwenzangu. Mpeleke zahanati."

Mume alipona. Wanawake hao hawakutazamana usoni mpaka Idi.